Dishi Lililompa Mgeni Mgongo

Mzee Pimamaji alikuwa na subira na kila kitu duniani isipokuwa kitu kilichopinda. Mvua ikichelewa, alingoja. Chai ikija haina sukari, aliinywa na kushukuru. Lakini picha ukutani ikiinama upande mmoja kwa unene wa ukucha tu, chakula hakikumpita kooni mpaka ainuke akainyooshe, na wala hakujali ukuta ni wa nani. Alikuwa fundi mwashi, sasa amestaafu. Mikono imepumzika, macho hayajapumzika. Hata siku alipokwenda kumposea mwanawe mke, wazee wa pande mbili wamekaa, maneno yameanza kuiva, yeye aliomba radhi, akaliendea kabati la vyombo la wenye nyumba, akalichomekea karatasi iliyokunjwa chini ya mguu.

"Lilikuwa linanisemesha," alieleza akirudi kitini.

Binti aliyekuwa akiposwa alikuwa nyuma ya pazia. Akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa mkono. Akaolewa, maana mtoto wa mzee, dereva wa malori ya safari ndefu, alimpenda kweli. Hakujua kwamba alichokicheka siku ile kingekuja kumtoa jasho kutoka utosini hadi nyayoni.

Binti huyo ndiye mtaani wanamwita Mama Setilaiti, kwa sababu ya kazi yake. Yuko katika ofisi inayopokea picha za ardhi kutoka angani, na yeye ni mmoja wa wanaozisoma. Ni kazi ya heshima, lakini majirani wameigeuza ya kila shida. Mtu akipotelewa na mbuzi, huyo mlangoni: "Mama Setilaiti, hebu tupia jicho huko juu, beberu wangu ameelekea wapi?" Mke akimshuku mumewe, naye huyo. Alishachoka kueleza kwamba setilaiti yake haina habari na waume za watu.

Kwanza, setilaiti aliyokuwa akiisoma haikupiga picha kama simu inavyopiga. Ziko za namna hiyo, zinazongoja jua liwake ndipo zione, na wingu likitanda zinakuwa kama zimefumba macho. Yake ilikuwa ya rada. Ya rada haina haja ya jua. Inapita huko juu, mchana au usiku, mawingu au mvua, inatuma mawimbi yake chini na kusikiliza yanavyorudi. Alimweleza mama mkwe wake hivi: ni kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba akipiga hodi, na kwa namna anavyoitikiwa anajua kila nyumba iko umbali gani. Baada ya siku kumi na mbili anapita tena palepale, anapiga hodi ileile. Sauti ikiwahi kidogo au ikichelewa kidogo, anajua kitu kimesogea, hata kama ni kwa unene wa punje ya mchele.

"Na miti je?" mama mkwe aliuliza.

"Miti inamchanganya, mama. Leo jani limelala hivi, kesho vile, kila siku inaitikia kwa sauti nyingine. Yeye anataka mtu wa kumwitikia vilevile siku zote."

"Basi asinipigie hodi mimi nikiwa na mafua."

Sasa, nyuma ya nyumba ya wakwe zake kuna kilima. Mvua za mwaka uliopita upande wake wa pili ulimeguka, ukaondoka na choo cha mtu na nusu ya shamba la mihogo. Hakufa mtu, ila tangu hapo ofisi ikapewa kazi ya kukitazama kilima kutoka juu na kusema kama kimetulia au kinatembea. Na kwa kuwa chote ni miti na vichaka, ikabidi setilaiti itafutiwe huyo mtu wa kuitikia. Wakaunda vitu vitatu vya bati nene. Kila kimoja kilikuwa na mabati matatu yaliyokutana kama pembe ya chumba, sakafu na kuta mbili, kana kwamba mtu ameikata kona ya nyumba akaondoka nayo. Mawimbi yakiingia mle yanagonga huku na huku, kisha yanarudi yalikotoka kwa nguvu. Ofisini kiliitwa kiakisi. Mtaani, kitu chochote cha bati kinachotazama juu ni dishi.

Dishi la kwanza liliwekwa kileleni, na wanunuzi wa vyuma chakavu wakalipenda kabla wiki haijaisha. La pili liliwekwa kando ya njia, likaja kuonekana limekuwa paa la banda la mbwa, na mbwa mwenyewe hakutaka mazungumzo. Ndipo Mama Setilaiti akashauri la tatu liwekwe uani kwa baba mkwe wake, chini kabisa ya mteremko. Kitu kikiwa chini ya macho ya mzee yule, alisema, hakuna mwizi wa kukisogelea. Na kweli, mwizi hakukisogelea.

Siku ya kulisimika, mafundi wa ofisi walipima kwa dira na vyombo vyao. Wakaliinamisha upande mmoja, wakaligeuza mgongo kwenye lango na uso kwenye anga iliyo juu ya bomba la maji, kwa kuwa ndiko setilaiti inakopitia. Dishi likabaki juu ya miguu yake ya chuma, limekaa kombo kama mtu anayesinzia mkutanini.

Mzee Pimamaji alisimama pembeni, mikono nyuma.

"Mwanangu, mmemaliza?"

"Tumemaliza, baba."

"Mmemaliza, au mnakwenda kula kisha mrudi?"

"Tumemaliza kabisa, baba. Tunakuomba utulindie tu. Asiliguse mtu."

Mzee alilitazama dishi, akamtazama mkwe wake, akawatazama wale vijana wa ofisini wakifuta mikono kana kwamba wamefanya kazi. Akameza mate. Angewezaje kumwambia mke wa mwanawe, mbele ya wenzake, kwamba kazi yake ni ya hovyo?

"Halitaguswa," akasema kwa sauti ya mgonjwa.

Fundi cherehani, jirani wa ua kwa ua, alikuwa amechomoza kichwa juu ya ukuta tangu asubuhi.

"Mama Setilaiti, linashika mpira?"

"Halishiki mpira."

"Hata mechi za zamani?"

Miezi ya mwanzo mambo yalikuwa shwari. Kwenye kompyuta, kilima kilionekana kijivu kitupu, na chini yake, uani kwa wakwe, nukta moja nyeupe iking'aa peke yake. Mama Setilaiti aliipenda nukta ile kama mtu anavyopenda taa ya kwao akiiona kwa mbali. Kila setilaiti ilipopita, nukta iliitikia palepale.

Kisha ikaanza kuitikia mapema.

Kidogo tu. Safari iliyofuata, mapema zaidi kidogo. Akarudia hesabu, akabadilisha kiti, akarudia tena. Maana yake ilikuwa moja: uani kwa wakwe zake ardhi ilikuwa inapanda. Na nukta yenyewe ilikuwa inafifia, na kwa hilo akayasingizia matope.

Akampelekea Mkuu wa ofisi. Mkuu alikuwa mtu msomi na mpole, ila aliogopa kukata shauri kama wengine wanavyoogopa sindano. Akiulizwa jambo alitafuna kalamu, na siku za maswali magumu midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Inavimba," akasema akitazama mchoro. "Kilima kikitaka kushuka, chini yake huvimba kwanza. Ni kama kusukuma godoro kwenye kona." Akatafuna. "Ikifikia unene wa kidole, itabidi watu wa chini wahamishwe, na nyumba zibomolewe ili wasirudi. Nyumba ya kwanza ni ya nani?"

"Ya baba mkwe wangu."

"Pole sana. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mimi."

"Afadhali. Maana mimi nisingemwambia."

Sasa hapo ndipo usingizi ulipompaa Mama Setilaiti. Nyumba ile mzee aliijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, akirudi kujenga nyumba za watu. Mumewe alizaliwa mle. Haikuwa na ufa hata wa kupitisha unywele. Na yeye, aliyeingia mle kama bibi harusi akapokewa kama mtoto, ndiye angetia mkono kwenye karatasi ya kuibomoa. Alimpigia mumewe simu, akamkuta mpakani kwenye foleni ya malori. Mumewe akasema, "Mwambie baba akiwa ameshiba."

Kwa hiyo akaenda Jumapili, kama alivyokwenda kila Jumapili. Wakala. Mzee akashiba. Mama Setilaiti akafungua kinywa, akaona mzee akipangusa kizingiti cha dirisha kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemsugua mtoto mgongo. Akakifunga.

Mama mkwe wake, ambaye chakula kwake hakikuwa kimekwisha mpaka kitendawili kipite, akasogeza sahani.

"Haya mkwe wangu, nakutegea. Mgeni wangu alikuja ameinama. Hakula, hakunywa, kitandani hakulala. Sasa kila nikiamka namwona anazidi kusimama wima. Nini huyo?"

Mzee Pimamaji akapaliwa na maji.

"Mke wangu, hebu mwongezee mtoto mboga."

"Mboga anayo. Nimemtegea, mwache ategue."

Akili ya Mama Setilaiti ilikuwa kwenye ardhi inayovimba. "Ni mgonjwa wa mgongo aliyepona," akasema ilimradi.

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua wowote unaoupenda, mama."

Mama mkwe akauchukua mji mkubwa wenye maji ya bomba, akajiweka sawa atoe jibu, akakutana na macho ya mumewe. Akatazama dari.

"Jibu nitakupa siku nyingine," akasema.

Tangu lini mtegaji akapewa mji na jibu asitoe? Siku nyingine yoyote Mama Setilaiti angekataa. Siku hiyo hata hakusikia vizuri. Alikuwa amepiga moyo konde.

"Baba," akasema, "kilima kinasukuma. Uani kwenu kunapanda. Ikiendelea hivi, ofisi itasema mhame, na nyumba hii itabomolewa."

Mzee hakufoka. Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na pimamaji yake, ile ya mbao iliyong'aa kwa kushikwa, yenye kichupa cha maji na kiputo cha hewa ndani. Akailaza sakafuni. Kiputo kikakaa katikati. Akailaza kizingitini, kikakaa katikati. Akailaza mezani, akasogeza bakuli la mchuzi, kikakaa katikati.

"Hiki hakina cheo wala hakiombi kura," akasema. "Kinasema nyumba haijasogea."

"Baba, setilaiti inaona hata unene wa ukucha."

"Na mimi naona nini, unene wa gogo?"

"Sisemi hivyo, baba."

"Nitahama siku kiputo hiki kitakapohama." Akakaa. Kisha akauliza kwa upole uliomshangaza mkwe wake: "Hebu nieleze. Hayo ya kuvimba umeyajua kutokana na dishi lile la uani?"

"Ndiyo, baba."

"Lilelile? Lilivyo?"

"Lilelile."

"Na wakubwa wako kazini wanalitegemea?"

"Ndilo pekee lililobaki."

Mzee akatikisa kichwa pole pole, akimtazama kwa huruma kama anayemtazama mtoto aliyetumwa dukani na chupa inayovuja. Mama Setilaiti akadhani anahuzunikia nyumba. Akarudi kwake akilia ndani ya basi, abiria wa pembeni akamfungulia dirisha.

Siku setilaiti ilipopita tena, aliwahi ofisini hata kabla ya mfagizi. Akafungua picha. Kilima hicho, kijivu. Barabara hiyo. Akaitafuta nukta yake.

Haikuwepo.

Akavuta picha karibu mpaka ikawa vipande vipande. Akazima kompyuta, akaiwasha. Uani kwa wakwe zake kulikuwa kijivu kama kwingine kote. Bati nene kiasi kile, limesimama kwenye chuma, limetoweka kama chumvi kwenye maji.

Mkuu alipoingia, alimkuta ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Iko wapi?" akauliza, kalamu ikaanguka.

"Haipo. Dishi limefukiwa. Au limechukuliwa na udongo."

Akapiga simu ya mama mkwe. Haipatikani. Mzee hakuwa na simu, alizikataa tangu zamani kwa sababu pembe zake zimeviringwa na haziwezi kusimama. Akapiga tena, akapiga tena.

Mkuu, ambaye miaka yote hakuwahi kuamua hata rangi ya mapazia ya ofisi, asubuhi hiyo aliamua yote kwa mkupuo. Akaita magari. Akaita zimamoto. Akachukua kipaza sauti kile cha mkononi, akapanda gari la mbele, akaanza kutangaza hata kabla hawajatoka getini, kiasi kwamba wauza magazeti wa mjini, ambako hakuna kilima, walikimbia.

Walipofika mtaani, watu walikuwa wameshaanza kumiminika na magodoro. Fundi cherehani alikuwa mbele ya wote, cherehani kichwani, na nyuma yake mkewe na meza ya cherehani, na nyuma ya mke mteja mmoja amevaa suruali yenye mguu mmoja. Mama Setilaiti aliruka kabla gari halijasimama. Alikimbia akipishana na watu, viatu mkononi, akiita, "Baba. Mama." Kilima alikiona kimesimama vilevile, mbuzi mmoja anakula majani mteremkoni bila haraka, lakini alichokiona hakikuingia akilini. Akausukuma mlango wa lango.

Akasimama.

Mbele yake, uso kwa uso, dishi lilikuwa limemkodolea. Limesimama wima. Limesuguliwa mpaka linang'aa kama sufuria ya harusi. Limeelekea langoni sawasawa, mdomo wazi, kama mwenyeji anayesema karibuni. Juu yake imelazwa pimamaji, kiputo katikati. Kando, kwenye kiti, Mzee Pimamaji anakunywa chai.

"Karibu mwanangu," akasema. "Mbona unahema?"

Mama Setilaiti akakaa palepale chini. Mkuu akatokea nyuma yake na kipaza sauti mdomoni, na kwa mshtuko akasahau kukizima.

"Mbona lipo?" ikasikika mtaa mzima.

"Baba," Mama Setilaiti akasema alipopata pumzi, "ni nani ameligusa?"

"Hakuna. Nimelilinda kama ulivyosema."

"Lakini limenyooka."

"Nimelinyoosha."

"Nilisema asiliguse mtu."

"Na hakuligusa mtu. Mimi mwenye nyumba."

Mzee akaweka kikombe chini. Akawa anaona haya sasa, si kwa alichofanya, bali kwa kulazimika kumsema mkwe mbele ya bosi wake. "Mwanangu, siku ile mliliacha limekaa vibaya. Nikasema nisikuaibishe, nitalirekebisha kidogo kidogo bila wewe kujua. Kila nikimaliza kufagia naliwekea kijiwe kimoja chini ya mguu, upande ule uliolala. Kijiwe kimoja tu. Mama yako nikamwambia, ole wako useme."

"Sikusema," mama mkwe akadakia kutoka jikoni. "Nilitega. Akanipa mji."

"Ulipokuja kusema wakubwa wako wanalitegemea, nikaona mtoto huyu atafukuzwa kazi. Linapima uongo kwa sababu limepinda, nani asiyelijua hilo? Basi juzi nikalimaliza. Nikalikamilisha wima. Na hilo la kumpa mgeni mgongo, kila anayeingia anaona matako ya bati, nikaligeuza lielekee langoni. Hata tundu la chini nimeziba, lilikuwa linavuja maji ya mvua."

Yote hayo yalikuwa yameingia kwenye kipaza sauti. Nje, barabarani, magodoro yakaanza kushushwa.

"Kwa hiyo," sauti ya fundi cherehani ikapaa juu ya ukuta, "cherehani hili nimelibeba kwa sababu ya vijiwe?"

Kicheko kikaanzia kwa mteja wa suruali ya mguu mmoja, kikazunguka mtaa. Mkuu akakalia ndoo iliyopinduliwa, akaomba maji, akanywa, maji yakawa ya buluu. Mama Setilaiti yeye hakujua acheke au alie, akafanya vyote kwa zamu. Kijiwe kimoja, ardhi imepanda. Kijiwe kingine, imepanda tena. Likageuzwa uso, likatoweka. Na yeye kila Jumapili alikuwa anakula wali hatua chache kutoka pale, akajua habari za dishi lile kutoka mbinguni, asiinuke siku moja kulitazama kwa karibu, zaidi ya ule mgongo aliokuwa akiupita langoni.

"Kosa ni langu pia, Mkuu," akasema.

"Tutaligawana," Mkuu akasema. "Kwanza kilima."

Maana huenda vijiwe vilidanganya, na huenda pia kilima kilikuwa kinasukuma kweli. Wapimaji wakapelekwa na vyombo vyao, wakakipanda kutoka kila upande. Siku zile za kungoja mzee hakula vizuri, ingawa kiputo kilikaa katikati. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameona mtu mzima akilia kwa ajili ya nyumba yake. Wapimaji wakashuka na miba kwenye suruali na habari njema. Upande ule wa nyumba hakuna ufa, hakuna mti ulioinama, ardhi imekaa. Nyumba haibomolewi.

Likabaki dishi. Lilitakiwa kurudi lilivyokuwa, kwa kuwa mvua zilikuwa njiani na kilima bado kilihitaji mlinzi. Na safari hii lijengewe msingi wa zege, lisitikisike. Mwashi aliyekuwa karibu alikuwa mmoja.

"Unanitaka mimi," mzee akasema, "nijenge kitu kilichopinda. Kwa mikono hii."

"Ndiyo, baba."

"Wapite vijana niliowafundisha kazi, waone."

"Ndiyo, baba."

"Sitaki."

Mama Setilaiti akakaa naye kwenye kivuli cha ukuta. Akafikiri amwambie habari za mawimbi na pembe na hesabu. Akaacha.

"Baba, mgeni wako wewe anatokea wapi?"

"Langoni. Anatokea wapi tena?"

"Na wa dishi hili atokee langoni?"

Mzee akalitazama lango.

"Mgeni wake anatokea kule," Mama Setilaiti akasema, akanyoosha kidole juu ya bomba la maji, kwenye anga tupu. "Anapita haraka, hasimami. Akikuta mwenyeji wake ameelekea langoni anaangalia wa mtaani, yeye anapewa mgongo. Kuinama kule ni kumwitikia, baba. Ni adabu."

Mzee akaitazama anga, akalitazama dishi. Akatazama tena anga, muda mrefu, akipima.

"Kumbe ana mgeni wake," akasema. "Mngenieleza hivyo tangu mwanzo."

Akalijenga. Akaomba vipimo vya kule kuinama, akavipima kwa timazi na kamba, akavipima tena, akamfukuza kijana wa ofisini aliyesema panatosha. Kama ni kupinda, alisema, lipinde sawasawa. Zege lilipokauka hakuna setilaiti ingeweza kulilalamikia. Lakini kila akipita uani aligeuza uso, na chai yake akahamia kuinywea barazani. Akadhoofu. Ndipo fundi cherehani, ambaye alikuwa bado hajamsamehe, akachungulia juu ya ukuta.

"Si ulishonee pazia?"

Wote wakamgeukia Mama Setilaiti.

"Inawezekana," akasema. "Nguo haimzuii. Rada inapita kwenye kitambaa kama haipo, inafika kwenye bati."

Kikombe kikamponyoka mama mkwe. "Inaona ndani ya nguo?"

"Si hivyo, mama. Haitazami watu. Kwake mtu ni mdogo sana, haonekani."

"Mdogo au mkubwa, siku yake ya kupita nitakuwa ndani. Na wewe kamwambie."

Fundi cherehani akashona. Turubai la buluu, pindo zake zimenyooka, na ndani mzee akaweka fremu ya mbao ili lisimame mraba. Anayepita barabarani sasa anaona kitu safi, wima, kimeelekea lango, na vijana waliofundishwa kazi na mzee wanapita wakimsifu. Chini ya turubai, bila mtu kuona, dishi limeinama linamngoja mgeni wake.

Setilaiti ilipopita, Mama Setilaiti alikuwa mbele ya kompyuta, na Mkuu nyuma yake na kalamu mpya. Picha ikafunguka. Nukta ikawa palepale, nyeupe, imeitikia wakati wake. Mvua zikaja, zikanyesha, zikaisha, na nukta haikusogea hata kwa punje ya mchele.

Jumapili baada ya mvua, wakiwa wameshiba, mama mkwe akasogeza sahani.

"Nakutegea. Walio karibu hawamwoni, aliye mbali anamwona. Kwa jirani amesimama, kwa mgeni ameinama. Nini huyo?"

Mama Setilaiti hakujibu. Aliinuka, akanawa mikono, akatoka kwenda uani. Wakamsikia akifunua turubai, akilifunika tena. Akarudi, akakaa.

"Nimemwona," akasema. "Mji sitoi."

Mzee Pimamaji akainuka naye, akaenda kuhakikisha kwamba turubai limerudishwa sawasawa.